Vudu: Neno na Asili Yake

Watu wengi walisikiapo neno vudu hufikiri mara moja mambo ya kutisha: maiti watembeao usiku, na sanamu ndogo zichomwazo sindano. Mimi nami nalilitumia hivyo mbele ya wanafunzi wangu, hata niliposoma vitabu viwili vya habari za Haiti, ambavyo nataka kuvipima hapa. Kimoja ni The Magic Island, cha Mmarekani William Seabrook, kilichotoka mwaka 1929. Cha pili ni Ainsi parla l'Oncle, cha Jean Price-Mars, tabibu na mwalimu wa Haiti, kilichotoka mwaka 1928.

Kwanza yafaa tujue neno lenyewe limetoka wapi. Vodun ni neno la Wafon, watu wa ufalme wa kale wa Dahomey, katika nchi iitwayo leo Benin. Maana yake ni roho yenye nguvu, isiyoonekana, ipewayo heshima na sadaka. Dini hiyo ingali hai Benin, na sikukuu yake katika taifa huadhimishwa mwezi wa Januari.

Neno hilo lilivuka bahari katika merikebu za watumwa. Watu walipakiwa katika bandari kama Ouidah, wakapelekwa Saint-Domingue, koloni la Wafaransa, ambalo ndilo Haiti ya leo. Wengine wengi walitoka Kongo, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiswahili chetu: yule tumwitaye mganga, wao humwita nganga. Sheria ya mfalme wa Ufaransa ya mwaka 1685 iliamuru watumwa wote wabatizwe, ikakataza ibada nyingine hadharani. Na sheria iyo hiyo iliwahesabu watu hao kuwa mali ya bwana wao. Basi, si ajabu kwamba waliobatizwa kwa amri walishika ya kwao kwa siri. Legba, afunguaye njia kwa Wafon, walimwona katika picha ya Mtakatifu Petro mwenye funguo. Mungu Muumba walimwita Bondye, kwa neno la Kifaransa, na chini yake wakaweka roho waitwao lwa. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa vudu ya Haiti.

Sasa tuvitazame vitabu. Seabrook ajua kusimulia, na ni haki kusema kwamba mwenyewe akiri kuwa vudu ni dini hasa. Lakini asimulia pia habari za maiti walioinuliwa makaburini ili kulima mashamba ya miwa, na picha alizozichora Alexander King zawaonyesha watu kwa sura za kuchukiza. Wasomaji waliisahau ibada, wakawakumbuka maiti. Mwaka 1932 ikatoka sinema iitwayo White Zombie, na habari hizo zikaenea pote. Tena wakati ule, tangu 1915 hata 1934, askari wa Marekani walikuwa wakiishika Haiti, na masimulizi ya namna hiyo yaliwapendeza wale waliotaka kuamini kwamba wenyeji hawawezi kujitawala. Laiti mwandishi angaliuliza kwa nini wana wa watumwa waogopa jambo hili kuliko mengine: kufanya kazi pasipo ujira wala pumziko, hata baada ya kufa!

Price-Mars apima mambo kama mwalimu. Auliza kwanza dini ni nini: je, watu hao wana imani katika roho, wana makuhani, mahekalu, sadaka, na mafundisho ya mwenendo? Ajibu kwamba wanavyo vyote, kwa hiyo vudu ni dini. Kisha awakemea wasomi wa nchi yake waliojidhania kuwa Wafaransa, wakaona haya kwa hadithi na desturi za wazee wao. Sisi tungesema: Mwacha asili ni mtumwa. Kasoro yake ni kwamba aliandika kwa Kifaransa cha wasomi, na wanakijiji aliowatetea hawakuweza kukisoma.

Wenyeji wenyewe hutofautisha oungan, kuhani wao, na bòkò, afanyaye kazi kwa mikono miwili, wa heri na wa shari. Kama sisi tusivyomchanganya mganga na mchawi. Wasiojua tofauti hiyo walileta msiba. Mwaka 1935 sheria ilikataza ibada hizo, na katika 1941 na 1942 Kanisa Katoliki, likisaidiwa na serikali, lilizipiga vita, ngoma na vyombo vya ibada vikachomwa. Hata hivyo vudu haikufa, na mwaka 2003 serikali ya Haiti iliitambua kuwa dini.

Ndugu msomaji, sikuandika haya ili Mkristo ayumbe katika imani yake. Twaamini Mwokozi mmoja, wala hatuwezi kuwatolea lwa sadaka. Lakini Mtume Paulo alipofika Athene alitembea kwanza, akazitazama madhabahu za watu, ndipo akasema nao. Na amri ile ikatazayo kumshuhudia jirani uongo haikumtoa jirani wa dini nyingine. Nimewaambia wanafunzi wangu kwamba niliyowafundisha zamani juu ya neno hili yalikuwa makosa.