Nyumbani Wasikokujua

Kwa miaka mingi nilipokuwa nikiwafundisha walimu wanafunzi uhakiki wa fasihi, nilizoea kuwaambia waanze na jina la kazi yenyewe, maana msanii hodari hutega mtego wake papo hapo mlangoni. Nilikumbuka somo langu hilo jioni moja mjukuu wangu aliponiwekea filamu iitwayo Home Again kwenye kompyuta yake, akaniachia, akaenda zake kulala. Jina hilo kwa Kiswahili ni "Nyumbani Tena". Filamu ilikwisha usiku umekuwa mkubwa, nami nilikuwa bado nagombana na neno lile la pili. Tena? Mtu hurudi tena mahali alipopata kukaa, akapajua, napo pakamjua.

Filamu hii ni ya Kanada, ya mwaka 2012. Iliongozwa na Sudz Sutherland, ambaye aliiandika pamoja na mkewe, Jennifer Holness. Inasimulia habari za watu watatu waliozaliwa Jamaika, wakachukuliwa ng'ambo wakiwa wadogo, wakakulia huko, kisha wakapatikana na hatia na kurudishwa kwa nguvu. Marva, anayeigizwa na Tatyana Ali, anatoka Toronto, na ameacha huko watoto wawili. Dunston, ambaye ni Lyriq Bent, anatoka New York. Wa tatu ni Everton, kijana wa shule kutoka London, mtoto aliyelelewa asipungukiwe kitu; anaigizwa na Stephan James. Wote wanashushwa Kingston, mji ambao hawana kumbukumbu nao.

Msomaji asidhani kwamba msanii ametia chumvi. Marekani ilitunga sheria mwaka 1996 iliyopanua mno orodha ya makosa yanayomfukuzisha mgeni, hata aliyekuwa na kibali cha kuishi huko daima. Uingereza ikafuata mwaka 2007: mgeni akifungwa miezi 12 au zaidi, kwa kawaida hurudishwa kwao. Kanada nayo, mwaka mmoja tu baada ya filamu hii kuonyeshwa, ilishusha kiwango: hapo kwanza mkazi wa kudumu aliyefungwa miaka 2 au zaidi ndiye aliyenyimwa haki ya kukata rufaa asifukuzwe, tangu 2013 miezi 6 inatosha. Na kumbuka kwamba mtu hutumikia kwanza kifungo chake. Akishalipa ndipo anadaiwa upya. Mwenzake waliyekosa pamoja, kwa kuwa yeye alizaliwa katika hospitali ya Toronto, siku ya kutoka gerezani anapanda basi kwenda kwa mama yake. Tofauti yao wawili ni karatasi ya uraia, ambayo pengine mzazi hakuijaza kwa kuwa hakuona haraka yake.

Filamu inapata nguvu yake kubwa katika ndimi. Nilikuwa mwalimu wa lugha, kwa hiyo labda nayasikia haya zaidi ya wengine. Everton akifungua kinywa tu, London inatoka. Hawezi kununua kitu wala kuuliza njia bila kujitangaza kuwa si wa pale, na pale si mahali pa kujitangaza; muda si mrefu yuko mitaani. Jamaika wanalo hata jina la dharau kwa watu hawa, na jina hilo hilo wamelibandika magari yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani. Sisi tungesema mtumba. Binadamu na gari wamekutana bandarini, wote wawili wakiwa wamechakazwa na wengine.

Sehemu za Marva nazo zimetulia. Yeye alibebeshwa dawa za kulevya na mwanamume aliyemwamini. Anapokewa na jamaa zake, lakini mjomba aliyempa pa kulala anamtazama kwa macho ambayo hayafai kwa mtoto wa ndugu. Bi Tatyana Ali haigizi kwa kelele. Anabeba aibu yake kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa, anachunga isimwagike mbele ya watu.

Kwa Dunston ndipo nilipochoka. Magenge, bunduki, mkubwa wa mtaa anayetoa amri: haya tumeyaona katika filamu nyingine mia. Mandhari yenyewe ilipigwa picha Trinidad, si Jamaika, na sikulijali hilo. Kingston ya hapa ni ya kubuniwa kwa vyovyote. Ninacholalamikia ni kingine. Waandishi wamemfanya Marva awe karibu hana kosa, na kosa la Everton ni bangi tu, ili sisi watazamaji tusipate taabu kuwahurumia. Dunston aliuza dawa akijua anauza. Yeye ndiye aliyepaswa kutuweka kwenye mizani: je, aliyekosa kweli naye anastahili kutupwa asikokujua? Swali linakaribia kuulizwa, kisha bunduki zinalia, nalo linapotea katika moshi.

Nilingoja jibu kwa sababu zangu mwenyewe. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, mwanachuo mmoja alikamatwa akiuza mablanketi ya bweni mjini. Hakukuwa na shaka, mnunuzi alimtaja na yeye mwenyewe akakiri. Kikao kilikuwa kifupi. Niliandika barua kwa mkono wangu kwamba arudi nyumbani mara moja, nikaigonga muhuri. Aliondoka adhuhuri na sanduku lake la bati. Siku ya nne mlinzi wetu, mzee mpole, alikuja ofisini akasimama mlangoni kwa muda. "Mwalimu Mkuu," akasema, "yule kijana bado yupo stendi. Analala pale."

Nilikasirika kwanza. Nikaagiza jalada lake niandike taarifa kwa wazazi. Katika fomu ya kujiunga, mahali palipoandikwa anwani ya nyumbani, alikuwa ameandika sanduku la posta la chuo. Mahali pa jina la mzazi aliweka mstari. Fomu hiyo ilikuwa na saini yangu chini, ya miaka miwili nyuma. Maana yake niliipokea, nikaitia saini, sikuisoma. Nilipotuma mtu stendi jioni ile, wapiga debe walisema amepanda lori asubuhi. Lililoelekea wapi hawakujua.

Sisemi nilikosa kumwadhibu. Mablanketi yalikuwa ya wenzake, na ulikuwa mwezi wa sita, wa baridi. Lakini barua yangu ilikuwa na neno "nyumbani" mara mbili, nililihesabu baadaye katika nakala, na sikuwa na haki ya kuliandika hata mara moja.

Asubuhi mjukuu aliniuliza kama filamu ni nzuri. Nilimwambia nusu yake ni nzuri sana, aiache kwenye kompyuta, nitaitazama tena ile sehemu wanaposhuka kwenye ndege.