Fani ya Mkuki wa Mamba

Wahunzi wa Mamba, jirani na Marangu mkoani Kilimanjaro, wamefua mikuki kwa vizazi vingi, na watu huisifu kwa makali yake. Uhakiki huu unauangalia mkuki kwa umbo, kwa sababu humo ndimo mhunzi humalizia nusu ya kazi ya moto kabla chuma hakijagusa maji.

Tuanze na chembe chake. Ni chembamba, kirefu, chenye mgongo ulioinuka katikati na makali mawili yanayolingana. Ulingano huo si pambo. Chuma cha springi ya gari, ambacho wahunzi wengi hukitumia siku hizi, hugumuka kikichovywa kingali chekundu, na kikigumuka hutanuka kidogo. Kisu chenye makali upande mmoja hutanuka upande huo zaidi, kikapinda. Kwenye chembe, kushoto hushindana na kulia na hakuna anayeshinda.

Mgongo nao una kazi yake. Unene ukiongezeka maradufu, muda wa kupoa huongezeka maradufu au zaidi. Makali hutangulia kugumuka huku mgongo ungali na moto. Mhunzi akiutoa mkuki majini mapema, joto la mgongoni huyarudia makali na kuyaondolea ukavu, yasipasuke kama kioo.

Kazi hiyohiyo ya moto leo hukadiriwa pia kwa kompyuta. Mwaka 1959 watafiti Koistinen na Marburger walichapisha mlinganyo ambao mpaka leo umo katika programu za kukadiria ugumu wa chuma. Fani yake ni ya kushangaza: hauna alama ya muda. Huuliza tu chuma kimeshuka nyuzi ngapi chini ya joto ambalo ugumu huanzia. Muda umeachiwa mlinganyo mwingine, ule wa jinsi joto linavyosafiri ndani ya chuma, na huo hautatuliki bila umbo. Ndiyo maana kompyuta hukigawa kipuri vipande vidogo vidogo, ikakokotoa joto na mkazo wa kila kimoja.

Sasa tazama kipuri kimoja kinachozunguka, kemu ya mtambo wa kufumia nguo. Ina tumbo upande mmoja, maana kazi yake ni kusukuma kwa zamu, na ina mfereji wenye pembe kali unaoifunga kwenye shafti. Ulingano wa mkuki hauwezekani hapa. Mazoea ya mkono hayatoshi, hasa vipuri vikiwa mamia na vyote vikitakiwa kufanana. Hapo kompyuta inastahili sifa zake.

Lakini programu husoma umbo ililopewa. Haihoji kwa nini liko hivyo. Ikionyesha ufa kwenye pembe ya mfereji, fundi mwenye haraka atabadili mafuta ya kuchovyea. Aliyeusoma mkuki wa Mamba ataihoji kwanza pembe yenyewe: je, haiwezi kuviringwa? Katika mkoa huohuo wa wahunzi wa Mamba, wilayani Hai, kiko kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools, kilichojengwa kwa msaada wa Bulgaria kutengeneza mashine. Wanafunzi wa ufundi wa mkoa huu wangefaa kufundishwa masomo yote mawili, la kompyuta na la umbo, na la umbo litangulie.