Pongezi kwa Wapiga Besi wa Masasi na Newala

Gitaa la besi, ambalo kwa kawaida lina nyuzi nne zinazolia oktavu moja chini ya nyuzi nne nene za gitaa la kawaida, ndilo linalofunga ngoma na magitaa ya solo na rithimu katika muziki wa dansi, na mpigaji wake anastahili heshima kubwa kuliko anayopewa. Masasi, na Newala iliyo kwenye uwanda wa juu wa Makonde, ni maeneo ambamo ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao hulea masikio ya vijana mapema, kwani katika ngoma kama sindimba kila mpigaji ana zamu na wajibu wake. Kijana aliyekulia humo hupata ujasiri wa kupiga na wenzake kwa kulishika pigo wala si kwa mbwembwe: huutazama mguu wa mpiga dramu, hugusa uzi pale ngoma ya mguu inapolia, na hushikilia noti ya msingi, yaani ile inayoipa kodi jina lake, hadi wimbo ufike kwenye chemko, sehemu ya kasi inayowainua watu vitini. Suleiman Mwanyiro wa Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1978, alidhihirisha kwamba besi inaweza kuimba bila kuuacha wajibu huo. Wapiga besi wa kusini wanaoendelea kuutimiza, katika harusi na katika sherehe za msimu wa korosho, wanastahili pongezi za dhati, kwa kuwa utulivu wao ndio unaowapa wenzao uhuru wa kung'ara.