Kazi ya Sindano Hupimwa Upande wa Ndani

Likizo kubwa ya shule nchini Kongo huanza Julai na kumalizika mapema Septemba. Huku Kasongo hiyo ni miezi ya kiangazi: mvua imekatika, vumbi limetanda, na alfajiri kuna ubaridi wa kutosha kumvalisha mtoto mchanga kofia. Mwanafunzi aliyejifunza kufuma hakosi kazi, maana nyumba zenye watoto wachanga hazikosekani. Kasoro iko kwenye malengo. Wengi hujipangia idadi: kofia kadhaa, soksi kadhaa, kisweta kimoja cha kujionyesha. Idadi haimwambii mtu kama ufundi wake umekua. Afadhali ajue kwanza kazi nzuri ikoje, kisha ajipangie kuifikia. Na mama anayenunua ajue hayo hayo, asidanganywe na rangi.

Jicho la kukagua kitambaa si geni huku Manyema, jimbo la Kasongo. Katika karne ya 19 vitambaa vya rafia, viramba, vilifumwa huku na kupokewa kama malipo. Kitu kinachoshika nafasi ya fedha hakipokewi kwa macho tu.

Uzi

Anza na moto. Kata kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa kibano, kikaribishe kwenye mwali. Pamba huwaka upesi, hunuka kama karatasi na kuacha jivu laini. Sufu hunuka nywele zilizoungua, tena hujizima ukiitoa motoni. Akriliki, ule uzi wa rangi kali na bei nafuu, huyeyuka na kuacha punje nyeusi ngumu.

Vitabu vya kufuma vya Ulaya husifu sufu. Kwa Kasongo mimi nasema pamba, na sababu ni pasi. Katika nchi zetu za joto kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa nje. Funza wake huingia kwenye ngozi ya mvaaji na kutoa majipu. Kinga ya kawaida ni kupiga pasi nguo yote, mishono na mikunjo. Pamba huvumilia pasi ya makaa, hata kuchemshwa. Akriliki ikiguswa na pasi ya moto hulegea na kupoteza mnyumbuko wake moja kwa moja, na sufu ikichemshwa husinyaa ikagandamana. Ukilazimika kutumia akriliki, basi ianike ndani ya nyumba na umweleze mnunuzi hivyo.

Sindano

Spoku za baiskeli zimefundisha wengi kufuma, nazo si za kudharauliwa. Unene wake kwa kawaida ni milimita 2 hivi, kwa hiyo zinafaa uzi mwembamba na mfumo ulioshikana. Kwa uzi mnene zaidi chonga vijiti vya mwanzi. Kipimo ni kimoja kwa zote: pitisha ncha juu ya pamba ya hospitali. Ikinasa, irudishe kwenye jiwe la kunolea, kwa sababu ncha yenye mikwaruzo hupasua uzi, na uzi uliopasuka huonekana kama manyoya hata kabla nguo haijavaliwa.

Mkono

Hapa ndipo fundi na mwanagenzi huachana. Fuma kipande cha mraba, kilaze bila kukivuta, uhesabu vitanzi katika sentimita 10. Uzi mwembamba wa nguo za watoto kwenye sindano ya milimita 3.25 hutoa karibu vitanzi 28. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake kina mzunguko wa sentimita 35 hivi, na kofia inatakiwa iwe ndogo kidogo ili ishike, tuseme 32. Hivyo unaanza na vitanzi 90. Mkono wako ukilegea hadi vitanzi 25 kwa sentimita 10, vitanzi vile vile 90 vitakupa sentimita 36, na kofia itamfunika mtoto macho. Ukikaza hadi 31, itakuwa 29, nayo itambana. Vitanzi viwili vitatu tu, kofia imeharibika.

Mnunuzi asiye na rula ainue nguo kuelekea mwangaza wa mlango. Vitundu viwe sawa kote. Mstari wa vitundu vipana unaoshuka kama ngazi unaonyesha kitanzi kilichoponyoka.

Ndani

Geuza nguo. Ikiwa ina mapambo ya rangi mbili, utakuta nyuzi zinazovuka kwa nyuma kutoka rangi hadi rangi. Uzi wa kuvuka usizidi sentimita 2. Ukizidi, vidole vya mtoto hunasa, na uzi ukijizungusha kwenye kidole huzuia damu. Tafuta pia mafundo. Fundi haungi uzi kwa fundo kwenye nyayo za soksi wala kwenye paji la kofia. Huacha mkia na kuufichia ndani ya mistari kwa sindano butu. Vuta mkia huo taratibu. Ukitoka, kazi haikumalizwa.

Kisha ukingo. Uvute na uuachilie. Ukingo mzuri hutanuka na kurudi, ukingo mgumu huacha alama nyekundu mguuni. Vifungo na utepe sivipendi kwenye nguo za wachanga: huishia mdomoni au shingoni.

Kofia ya kroshia

Waislamu wa Kasongo huvaa kofia nyeupe za kroshia, na hizi zina mtihani wake. Laza utosi wa kofia mezani. Utosi uliofumwa vizuri hulala bapa kama sahani. Ukiinuka katikati kama bakuli, mfumaji hakuongeza vitanzi vya kutosha. Ukifanya mawimbi pembeni, aliongeza kupita kiasi. Maji ya kufulia hayarekebishi kosa hilo.

Lengo la likizo

Kwa mwanafunzi, nashauri achague kofia na soksi, kisweta kisubiri. Si kwa urahisi wake tu. Katika njia ya kangaruu, iliyoanzishwa Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, mtoto njiti hulazwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa na nepi, kofia na soksi. Vitu hivyo vidogo vina kazi kubwa.

Julai iwe ya vipande vya majaribio mpaka hesabu ya vitanzi isibadilike siku hadi siku. Agosti iwe ya kofia moja na jozi moja ya soksi, zifuliwe mara kumi na kupigwa pasi kabla hazijaonyeshwa mtu. Zikibaki na umbo lake, umefaulu, nawe una haki ya kutaja bei. Zikiharibika, fumua uzi uanze upya, pamba haikatai. Nawe mama mnunuzi, afadhali umlipe vizuri binti aliyekuletea kofia moja safi, kuliko kupunguziwa bei kwa tatu zenye mafundo.