Mpira na Riziki: Uhakiki wa Safari ya Doreen Nabwire

Jioni moja, katika mtaa wa Milimani mjini Nakuru, nilisimama kando ya kiwanja cha shule nikitazama wasichana wakicheza kandanda. Nyuma yao ulisimama mlima wa Menengai, na upande wa pili, mbali chini, lilimetameta ziwa. Mchezo ulipokwisha, mmoja wao, ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa na utii wa ajabu, alinijia akaniuliza, "Mwalimu, msichana aweza kupata riziki yake kwa mpira?"

Sikumjibu upesi. Jibu la upesi lingalikuwa kumtajia Doreen Nabwire. Lakini hadithi ya mchezaji huyo, kwa namna inavyosimuliwa aghalabu, ina kasoro. Na kasoro hiyo humdhuru msichana anayeitegemea.

Husimuliwa hivi. Alizaliwa mwaka 1987, akakulia katika mitaa ya mabanda mashariki ya Nairobi, akacheza katika chama cha vijana wa Mathare kiitwacho MYSA, kisha akaenda Ulaya, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kulipwa huko kwa kucheza mpira. Alichezea Werder Bremen na 1. FC Köln za Ujerumani, na FC Zwolle ya Uholanzi. Wasimulizi hupandisha sauti ndege inaporuka, kisha hunyamaza. Msomaji huachiwa sura ya msichana aliyejitoa matopeni kwa nguvu za miguu yake peke yake.

Hilo neno "peke yake" ndilo ninalolikataa. Chama cha MYSA kilianzishwa mwaka ule ule aliozaliwa, 1987, nacho kilikuwa cha wavulana. Wasichana walianza kuchezeshwa mwaka 1992. Huko timu hujipatia alama kwa mabao, na kadhalika kwa kuzoa taka za mitaa. Lau Nabwire angalizaliwa miaka kumi na mitano mapema, miguu yake ingalikuwa ile ile, lakini asingalikuta ligi ya kuichezea. Wangapi walizaliwa mapema hivyo? Hao hawana hadithi.

Tuitazame na Ujerumani yenyewe, ambayo wengi hudhani ilizaliwa na viwanja vya majani mabichi kwa kila mtu. Mwaka 1955 shirikisho la mpira la nchi hiyo lilivikataza vilabu vyake kuwa na timu za wanawake, na katazo hilo halikuondolewa mpaka mwaka 1970. Ligi kuu ya wanawake ikaanza mwaka 1990. Mwaka 2003 wanawake wa Ujerumani walitwaa Kombe la Dunia, wakalitwaa tena mwaka 2007. Kipaji kilikuwamo siku zote. Kilichobadilika ni uamuzi wa wenye mamlaka. Uholanzi nayo ilianzisha ligi yake ya wanawake mwaka 2007 tu, na Zwolle ikaingia mwaka 2010. Na katika ligi changa kama ile, wachezaji wengi walisoma au walifanya kazi nyingine ili waishi. Magazeti yetu huandika "mchezaji wa kulipwa" kana kwamba malipo yana kipimo kimoja. Apewaye nauli na posho huitwa wa kulipwa, na apewaye mamilioni huitwa vivyo hivyo!

Mhakiki asiogope kusema kweli. Kwa hesabu ya vikombe na ligi kubwa, safari ya Nabwire huko Ulaya haikuwa ndefu wala ya juu kupita zote. Waliomfuata wamefika mbele zaidi: Aisha Masaka wa Tanzania alijiunga na BK Häcken ya Uswidi mwaka 2022, na mwaka 2024 akaingia Brighton katika ligi kuu ya Uingereza. Kutangulia ni jambo moja, kushinda wengine ni jambo jingine, na sifa zake zisichanganywe. Mimi namsifu Nabwire kwa sehemu ambayo wasimulizi huiruka. Alirudi. Aliyekuwa nahodha wa Harambee Starlets alianzisha Girls Unlimited ili kuwalea wasichana wachezaji, na baadaye akapewa kazi ya kusimamia maendeleo ya mpira wa wanawake katika Shirikisho la Kandanda la Kenya. Kazi hiyo haina vifijo, lakini ndiyo inayoamua kama msichana wa Milimani atakuwa na ligi.

Maana mpira wa wanawake wetu umepotezewa mengi mezani kuliko uwanjani. Starlets walifika fainali za Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, nchini Kameruni. Mwaka 2018 walipewa nafasi ya Guinea ya Ikweta, kisha uamuzi ukageuzwa nao wakaachwa nyumbani. Mwaka 2022 Kenya ilisimamishwa na FIFA kwa ugomvi wa wakubwa, na Uganda ikapita bila ya kucheza nao. Hawakufuzu tena mpaka Oktoba 2025, walipoishinda Gambia. Hesabu mwenyewe, msomaji: tangu 2016 hadi 2025 ni miaka 9, nayo kwa mguu wa mchezaji ni karibu umri mzima.

Basi nilimjibu yule msichana kwamba yawezekana, lakini ni wachache. Kwamba asiache masomo. Kwamba siku atakapoletewa mkataba ausome kwanza penye malipo ya mwezi na penye matibabu ya goti. Aliinamisha kichwa. Nikamweleza kwamba mwaka 2024 wasichana wa Kenya walio chini ya miaka 17 walicheza Kombe la Dunia katika Jamhuri ya Dominika, timu ya kwanza ya mpira ya Kenya kufika huko, wakafungwa na Uingereza na Korea ya Kaskazini, wakaishinda Meksiko 2–1. Na kwamba wengi wao walikuwa wanafunzi.

Akaniuliza walikuwa kidato cha ngapi.