Hodi Moja Haitoshi

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu msomaji, tumezoea kuhakiki vitabu, mashairi na hotuba. Leo twaomba ruhusa tuhakiki chombo. Kwani chombo nacho kimetungwa na mtu kama kitabu kilivyotungwa, na mtungaji wake ametia ndani yake rai yake juu ya lipi lifaalo na lipi lisilodhuru. Chombo chenyewe ni ule uunganishaji wa simu na spika, magari na vinginevyo bila ya waya, uitwao Bluetooth.

Kazi hii ilianza mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson, mjini Lund, nchi ya Uswidi. Mwaka 1998 kampuni tano, nazo ni Ericsson, Nokia, Intel, IBM na Toshiba, ziliungana kuisimamia. Jina limetokana na Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, aliyepewa lakabu ya Jino la Buluu, na ambaye hutajwa kwa kuwaunganisha watu waliokuwa mbalimbali. Makusudio yalikuwa vyombo vya viwanda tofauti visemezane kwa lugha moja. Hilo ni jambo jema, na insafu yatutaka tulikiri. Mzee ambaye masikio yake yamepungua nguvu leo aweza kupata sauti ya simu moja kwa moja katika kifaa chake cha kusikilizia. Mwalimu wa chuo aweza kuwasikilizisha watoto arobaini usomaji wa Qur'ani Tukufu kwa spika ndogo iliyotuama juu ya dirisha. Basi hatukuja kuharamisha, tumekuja kupima.

Na kipimo chetu ni hiki: chombo hiki huombaje ruhusa?

Simu na spika husemezana kwa mawimbi ya redio ya kiasi cha gigahezi 2.4, na kwa vyombo vingi vya kawaida masafa ni kama mita 10. Siku ya kwanza hufanywa kile ambacho simu zetu hukiita kwa Kiswahili kuoanisha. Vikiwa vyombo viwili vyenye vioo, mara nyingi tarakimu sita hutokea huku na huku, na mwenyewe huthibitisha kuwa ni zile zile. Spika ndogo haina kioo, hivyo mara nyingi hukubali tu. Baada ya hapo kila kimoja huhifadhi ufunguo wa mwenzake. Tangu siku hiyo hakuna hodi tena. Spika ikiwashwa, nyingi katika hizo huitafuta simu iliyounganishwa nayo mara ya mwisho, na ikiwa karibu huungana nayo kimya kimya, hata kama mwenye simu yu katika shughuli nyingine kabisa.

Hapa ndipo tunapotofautiana na mtungaji. Katika Suratun-Nur, aya ya 27, tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimu wenyewe. Hiyo ni hodi ya mgeni. Lakini tazama aya ya 58 ya sura hiyo hiyo. Humo watumishi na watoto wasiobaleghe, watu wa ndani ya nyumba, wameamrishwa waombe ruhusa katika nyakati tatu: kabla ya sala ya Alfajiri, mchana watu wanapovua nguo zao, na baada ya sala ya Isha. Hawa si wageni. Wamekwisha kuruhusiwa zamani, nao hula na kulala humo humo. Mbona basi wabishe hodi? Ni kwa kuwa hali ya mtu hubadilika, na ruhusa ya asubuhi si ruhusa ya usiku. Mtungaji wa chombo ameifunga ruhusa na chombo. Sharia imeitazama hali ya mtu na wakati wake.

Labda msomaji atasema kuwa haya ni ya milango na macho, si ya simu. Tumjibu kuwa Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba ruhusa imewekwa kwa ajili ya jicho, na wanazuoni hawakuacha kulipima sikio kwa jicho. Siri iliyosikiwa ni sawa na siri iliyoonekana.

Nilikuwapo katika msikiti mmoja ambao sitautaja. Kijana mmoja alikuwa ameiunganisha simu yake na spika ya msikiti mwezi wa Ramadhani, kwa kheri tupu, ili watu wasikilize Qur'ani. Baada ya wiki kadhaa, spika ikawashwa kwa ajili ya darsa baina ya Magharibi na Isha. Kijana yu barazani, akaufungua ujumbe wa sauti wa dada yake. Jamaa nzima ikasikia habari za deni la baba yao na aibu inayoikabili nyumba yao. Wazee wawili wakainuka kumkemea kuwa anafanya mzaha katika nyumba ya Mwenyezi Mungu. Kijana hakuonekana msikitini muda wa wiki mbili.

Hapo hakuna aliyepekua wala aliyeiba, na siri imetoka. Na juu ya siri iliyotoka ikaongezwa dhana mbaya, ambayo Suratul-Hujurat, aya ya 12, imetuamrisha tuiepuke. Chombo kilikuwa na kosa moja, nasi tukakiongezea la pili.

Na jambo la gari la kuazima ni zito zaidi. Ukiiunganisha simu yako na gari la mwenzio, na ukalikubali ombi linalotokea, majina na namba zilizomo katika simu huweza kunakiliwa na kubaki garini hata ukishalirudisha. Namba hizo si mali yako peke yako, ni amana za watu waliokuamini. Nani kati yao ameulizwa?

Hukumu yetu basi ni hii. Chombo ni chema kwa kazi yake, ila adabu yake ni pungufu: hubisha hodi mara moja, kisha hujiona mwenyeji daima. Walio na uwezo wa kukitengeneza wangefaa kukifanya kiulize tena. Nasi, mpaka hapo, tuitimize adabu kwa mikono yetu. Ukimaliza kutumia spika ya watu au gari la watu, ifute simu yako humo, na humo uifute katika simu yako. Ukiwa huna haja ya kuunganisha, zima. Na msikiti uwe na simu au kifaa chake maalumu cha spika, isitumike ya mtu binafsi.

Na sauti ikitoka pasipotarajiwa, zima spika kwanza, kisha msitiri mwenzio. Kijana yule hakuhitaji kukemewa. Alihitaji mtu mmoja ainuke, aizime, na darsa iendelee kana kwamba hapana aliyesikia neno.

Wabillahi taufiq.