Kutoka Uigaji hadi Nyikani: Uhakiki wa Machapisho ya Margaret Martonosi kuhusu Mitandao ya Vihisi

Rekodi ya machapisho ya mwanataaluma aghalabu hupimwa kwa hesabu: ameandika makala ngapi, na zimerejelewa mara ngapi. Katika taaluma ya mitandao ya vihisi isiyotumia waya, kigezo hicho hakitoshi, kwani makala inaweza kufaulu katika uigaji wa kompyuta bila kifaa chake hata kimoja kuwahi kunyeshewa mvua. Sehemu hii inahakiki makala tano za mradi wa ZebraNet, ambazo Margaret Martonosi wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, alishiriki kuziandika kati ya mwaka 2002 na 2006. Hoja inayotetewa ni kwamba ubora wa rekodi hii umo katika namna makala za baadaye zinavyozisahihisha zile za awali, na upungufu wake umo katika majina yasiyoonekana humo.

Martonosi aliingia katika uwanja huu akitokea kwenye usanifu wa kompyuta. Mwaka 2000, yeye pamoja na David Brooks na Vivek Tiwari walichapisha Wattch, zana ya kukadiria umeme unaotumiwa na kichakata kingali katika hatua ya usanifu. Swali la nishati, kwa hiyo, lilitangulia punda milia.

Makala ya kwanza ya ZebraNet, iliyotolewa mwaka 2002, ilipendekeza kuwavisha punda milia kola zenye kipokezi cha GPS, redio na betri inayochajiwa kwa jua. Eneo lililolengwa lilikuwa Mpala, Laikipia, nchini Kenya, ambako mtandao wa simu usingeweza kutegemewa. Kola zingebadilishana taarifa wanyama wanapokutana, kisha watafiti wangezikusanya kwa gari. Njia mbili zililinganishwa: kumpa kila jirani kila taarifa, au kumchagua jirani ambaye historia yake inaonyesha kuwa hukifikia kituo mara nyingi zaidi. Njia ya kwanza hula nishati nyingi. Ya pili ni ya uangalifu. Hata hivyo, ulinganisho huo ulifanywa kwa uigaji, na uigaji humtii aliyeuandika.

Hapo ndipo makala zilizofuata zinapopata uzito. Ile ya mwaka 2003 iliwasilisha Impala, programu inayowezesha kola kubadilishiwa maagizo kwa redio, kwa sababu mnyama aliyekwisha kuachiliwa hakamatwi upya kila kosa linapogunduliwa. Januari 2004 kola zilijaribiwa kwa punda milia halisi huko Sweetwaters, Laikipia. Makala mbili za mwaka huo, moja kuhusu programu na nyingine kuhusu maunzi, zinaeleza vifaa vilivyojengwa kweli. Usanifu wa 2002 ulikuwa na redio mbili, ya masafa mafupi na ya masafa marefu. Kola iliyojengwa ilibaki na redio moja ya masafa marefu. Badiliko hilo halikufichwa. Msomaji anayezisoma makala hizi kwa mfuatano anaona wazo likipunguzwa na uzito, umeme na nafasi.

Makala ya mwaka 2006, iliyoandikwa na Christopher Sadler na Martonosi, inafunga mzunguko huo. Inaonyesha kwamba kwa kuwa kutuma taarifa kwa redio ni ghali kuliko kuichakata, inafaa kichakata kitumie mizunguko zaidi kuibana taarifa kabla haijatumwa. Swali la Wattch linarejea, safari hii likiwa limepitia nyikani.

Pamoja na sifa hizo, rekodi hii ina pengo. Waandishi sita wa makala ya 2002, akiwemo mwanabiolojia Daniel Rubenstein, wote walikuwa wa Princeton, na hali haikubadilika katika makala nne zilizofuata. Laikipia inaonekana kama uwanja wa majaribio, si kama mahali panapotoka maarifa. Shukrani, hata zikitolewa, si sawa na uandishi. Aidha, mradi ulianza na maswali ya kibiolojia, kama vile mienendo ya wanyama usiku, lakini mizani ya makala hizi ni nishati na kiasi cha taarifa kilichofika. Inaweza kujibiwa kwamba haya ni majarida na makongamano ya kompyuta, na kila uwanja una mizani yake. Jibu hilo ni sahihi kwa makala moja moja. Kwa rekodi nzima, halitoshi.

Hivyo basi, anayetathmini rekodi katika uwanja huu anapaswa kuuliza maswali matatu kabla ya kuhesabu: je, makala ya baadaye inakiri kilichobadilika katika ya awali? Je, kifaa kilitoka maabara? Na waliokipokea huko kilikopelekwa wamo katika uandishi? ZebraNet inafaulu vyema katika mawili ya kwanza. La tatu linabaki deni, na wadai wake wa kwanza ni vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vinavyofundisha taaluma hiyo leo.